Barua ya wazi kwa wadhamini wa makao yetu ya wazee: watu wanafia hapa, na walezi tumeachwa peke yetu

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Wadhamini ya makao ya wazee ninakofanya kazi,
Mombasa.

Nakala: Wakuu wa afya na wa huduma za jamii wenye dhamana juu ya makao ya wazee.

Mwenyekiti na Wajumbe,

MINT: WAZEE WANAOFARIKI KATIKA MAUMIVU, NA WALEZI WANAOACHWA PEKE YAO NAO

Nawaamkua kwa heshima. Barua kama hii ilifaa iwafikie ndani ya bahasha, na moja iliwafikia. Tulianza kwa msimamizi wa zamu, tukapanda kwa meneja, kisha tukawaandikia nyinyi wenyewe, wauguzi na walezi, wake kwa waume, tukatia saini. Jibu likaja kwa mdomo, kwamba suala linashughulikiwa. Tangu jibu hilo tumewazika wazee wengine, nao wameondoka katika hali ile ile tuliyoieleza. Ndiyo maana leo nasema mbele ya watu.

Jina la makao silitaji. Wazee bado wamo mle, na wana haki ya kukaa barazani bila kuhojiwa na wapita njia. Nyinyi mnajijua.

Mimi ni muuguzi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Ninachotaka kuwaambia ni kimoja, na mengine yote yanatoka humo: makao yetu yanaendeshwa kana kwamba hakuna anayefia ndani yake. Fomu ya kumpokea mzee inauliza anakula nini, anasali wapi, simu ya jamaa yake ni ipi na nani atalipa. Hakuna mstari unaouliza akizidiwa angependa afanyiwe nini. Ratiba ya zamu haibadiliki hata mzee akiwa anakata roho. Kabati la dawa lina za presha, za sukari na za minyoo, lakini dawa ya maumivu makali haimo. Na ukweli tunaujua sote, kwamba wengi wanaoingia kwa lango letu hawana tena pa kurudi. Wamo waliofiwa na watoto wote. Wamo waliotoroka vijiji vya Kilifi na Kwale baada ya mvi zao kufanywa ushahidi wa uchawi. Kwa hao, hapa ndipo nyumbani, na nyumbani ndipo mtu anapofia.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Wazee wanakufa na maumivu yanayotulizika.

Hili ndilo zito kuliko yote, na mtanivumilia nikikaa nalo.

Tulikuwa na mama mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, fundi wa kofia za vito tangu usichana wake. Saratani ya titi ilikuwa imeshaingia mifupani. Hospitalini walituambia hakuna tena la kufanya, turudi naye nyumbani. Alirudi na pakiti ya parasetamoli. Kila tulipomgeuza ili asipate vidonda vya kulalia, alishika chuma cha kitanda kwa vidole vile vile vilivyokuwa vikitunga uzi kwenye sindano, akafumba macho, akapiga ukelele, kisha akatuomba radhi. Yeye ndiye aliyetuomba radhi. Nikishamfunika alikuwa akinambia, “Usiniwate, mwanangu,” na mimi nasikia naitwa chumba cha pili.

Mgonjwa wa namna hii anahitaji mofini ya maji, ile ya kunywa. Si dawa ya ajabu wala ya matajiri. Unga wake huyeyushwa ukawa dawa ya chupa, mgonjwa akapewa kipimo kidogo kila baada ya saa nne. Mzee dhaifu huanzia chini zaidi, na daktari hupandisha taratibu mpaka maumivu yakae. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo, na asiyelijua hilo hudhani dawa imemdhuru mgonjwa. Humsaidia pia anayehema kwa shida. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, kinachopandishwa kufuata maumivu, haimharakishii mtu kifo. Inampa nafasi ya kulala, kula kijiko cha uji na kuzungumza na wanawe.

Shirika hilo hilo linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 duniani wanahitaji tiba shufaa, yaani matunzo ya kumtuliza mgonjwa ambaye maradhi yake hayaponi, na kwamba ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Yule mama hakuwa miongoni mwa hao asilimia 14, ilhali hapa hapa Mombasa ipo Coast Hospice, yenye watu waliosomea kazi hii. Kati yake na dawa palikuwa na safari ya tuktuk, na karatasi ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuifuatilia.

2. Wasioweza kusema wanaumwa huandikwa wasumbufu.

Wazee waliopotewa na kumbukumbu hawatwambii, “Naumwa hapa.” Hukunja uso. Huguna wakiguswa nyonga. Huupiga mkono unaowavisha, hukataa chakula, hulia jua likizama. Katika daftari letu hali hiyo huandikwa neno moja, “msumbufu,” na mara nyingi tiba yake huwa ni kidonge cha usingizi. Ipo njia inayojulikana ya kupima maumivu ya mtu asiyesema: unatazama pumzi zake, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anatulizika ukimshika na kumsemesha. Kila kimoja kinapewa alama. Mlezi yeyote aweza kufundishwa. Sisi hatujafundishwa, na sijui ni wangapi tuliowalaza kwa dawa wakati walichokuwa wakilia nacho ni jino au mfupa.

3. Usiku yupo mhudumu mmoja kwa upande mzima.

Kifo cha uzeeni mara nyingi hutoa ilani. Mtu huanza kulala muda mwingi, huacha kula, huacha kunywa. Mikono na miguu hupoa, magoti huingia mabaka, pumzi hukatika kwa muda kisha zikarudi. Koo hutoa mkoromo unaowatisha wasioujua, na mara nyingi kumlaza mtu kwa ubavu hutosha kuupunguza. Midomo hukauka, ikataka kulowanishwa kila mara kwa kitambaa cha majimaji. Hakuna katika hayo kinachohitaji mashine. Yote yanahitaji mtu aketi pale.

Na mtu huyo hayupo. Yule mmoja aliye zamu ana wa kuwageuza kila baada ya saa mbili, wa kuwabadilisha shuka, wa kuwapeleka chooni, na bomba likikauka, kama linavyokauka mji huu, ana mitungi ya kubeba pia. Tulikuwa na mzee aliyewahi kuwa kuli pale bandarini Kilindini, mtu wa hadithi nyingi, aliyeogopa jambo moja tu, kufa bila mtu pembeni, na alilisema waziwazi. Alifariki akiwa peke yake. Mlezi wa zamu alikuwa upande wa pili akimwinua mwingine aliyeteleza chooni. Asubuhi swali la kwanza aliloulizwa mlezi yule ni, “Ulikuwa wapi?” Hakuna aliyeuliza kwa nini alikuwa mmoja.

4. Wanakimbizwa hospitali hata pale ambapo hospitali haiwezi kuwasaidia.

Amri tuliyopewa ni kwamba mzee akibadilika pumzi, apelekwe. Niseme wazi kwamba wapo wanaostahili kwenda, na haraka: aliyevunjika nyonga, mwenye nimonia inayotibika, aliyeshuka sukari. Simzungumzii huyo. Namzungumzia yule ambaye daktari ameshasema hana tena tiba ya kumponya, na mwenyewe ameshasema amechoka na sindano. Huyo naye anabebwa usiku, anakalishwa kwenye tuktuk baina ya walezi wawili kwa sababu gari halipo, daraja la Nyali limejaa, joto la kaskazi halijapungua. Anafika, analazwa kwenye benchi au kitanda cha magurudumu kwenye kibaraza, anatobolewa mkono kutafutwa mshipa ambao haupatikani tena. Wengine hufia hapo, chini ya taa kali, baina ya majeruhi wa bodaboda, mbele ya watu wasiowajua hata kwa majina. Madaktari na wauguzi wa zamu hiyo siwalaumu. Wameletewa mtu bila karatasi inayosema ni nani na anataka nini.

Tunapeleka kwa sababu makao yanaogopa kuulizwa juu ya kifo kilichotokea ndani. Mzee akifia kwingine, kwetu panabaki safi kwenye daftari.

5. Habari nzito zimeachiwa walezi wazitoe kwa simu.

Mlezi anayelipwa kwa siku ndiye anayempokelea simu mwana aliye Doha au Riyadh, usiku, amemaliza zamu ya kazi huko, naye anauliza, “Mama amekula?” Kwa mwana aliye mbali chakula ndicho kipimo cha mapenzi, na ni haki yake kuuliza. Lakini mwili unaoondoka hauhitaji tena chakula. Mtu haondoki kwa sababu ameacha kula. Ameacha kula kwa sababu anaondoka. Kumshindilia uji ni kumpalia, na uji ukiingia mapafuni unamwongezea mateso. Maneno hayo ni magumu hata kwa daktari aliyesoma miaka mingi. Sisi tunayasema kutoka kichwani, kila mlezi kwa namna yake, na kesho jamaa anapiga kuuliza kwa nini jana aliambiwa hivi na leo vile. Wengine wanatuamuru tumlishe kwa nguvu, wengine wanatukataza kumwambia mzee ukweli wa maradhi yake, na hatuna mkubwa wa kumpelekea neno hilo. Daktari wa kuja kuwakalisha jamaa chini hatujapata kumwona.

6. Haki za dini.

Hapa nitasema machache kwa sababu kila mtu wa mji huu anayajua. Mwislamu huhitaji wa kumtamkia shahada na kumwelekeza Kibla, Mkristo huhitaji padre au mchungaji wake, Mhindi ana taratibu zake na Mmijikenda ana zake. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi na ndiye aliyefungua St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Kwetu sisi mambo haya yanategemea bahati ya nani yuko zamu. Mlezi Mkristo amewahi kunipigia simu usiku kuniuliza shahada inatamkwaje, ili amsaidie bibi aliyekuwa naye. Nilimtamkia polepole, naye akairudia sikioni mwa bibi. Namheshimu sana mlezi yule. Lakini jambo hili lilitakiwa liwe limeandikwa na kupangwa kabla.

7. Na sisi wenyewe.

Nimeliweka mwisho ili msiseme tunajililia. Ila si dogo.

Mzee akifariki, shuka hutolewa, godoro hufutwa kwa dawa, na mara nyingi kitanda kimeshapata mtu kabla ya jua kuzama. Mwenzake wa chumbani haambiwi kitu, anaona kitanda kitupu, anauliza, anajibiwa “amekwenda hospitali.” Wazee si watoto. Wanajua, na wanajua pia kwamba siku yao ikifika watasemewa hivyo hivyo.

Walezi nao wanaambiwa wamezoea. Msichana mmoja, kazi yake ya kwanza maishani, alimtunza mzee aliyekuwa akimwita kwa jina la bintiye marehemu, naye akaitika. Alimwogesha, alimkata kucha, alijua chai yake inatakiwa tangawizi kiasi gani. Siku mzee alipofariki msichana yule aliambiwa afunge mwili kisha akagawe chai. Aligawa. Wiki zilizofuata akaanza kuchelewa, akawa hagusi chakula, hatimaye hakurudi. Wengi wanaondoka hivyo, na kila anayeondoka anaondoka na ujuzi wa wazee: yupi hulala ubavu wa kushoto, yupi hashikiki bega. Anayekuja anaanza upya, na mzee anaumizwa upya.

Kumwona mtu unayempenda akiteseka, ukijua dawa ipo, ukijua namna ya kuitoa, na huna ruhusa, ni jeraha. Halifanani na uchovu wa kazi. Uchovu unalala, unaamka umepona. Hili ukilala unalala nalo. Nimewasikia wenzangu, watu wazima wenye familia, wakisema hawawezi kupita mlango fulani wa chumba bila moyo kuwaenda mbio.

Najua mtakayotujibu, kwa sababu tumeshayasikia.

Mtasema sheria. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994 inadhibiti mofini. Haijaizuia kwa matibabu. Wagonjwa wa saratani huandikiwa chupa na daktari wakaenda nayo majumbani, wakaiweka juu ya kabati la nguo. Kama mjukuu wa Kongowea aweza kumpimia nyanyake nyumbani, muuguzi aliyesajiliwa aweza kumpimia mzee kwenye makao, dawa ikiwa na jina la mgonjwa, ikiwa kwenye kabati la kufuli, na kila tone likiandikwa daftarini. Uganda, jirani zetu, tangu 2004 wamekwenda mbele zaidi: wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuiandika wenyewe. Na mkitaka kuzungumza sheria, Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya familia na ya serikali. Sheria ya Afya ya 2017 imeitaja tiba shufaa waziwazi ndani ya haki ya afya. Wizara ya Afya imetoa sera yake ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030. Karatasi zipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzivusha kizingiti cha makao yetu.

Mtasema fedha. Tunaishi humo, tunajua. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali, anazopata mzee wa miaka 70 na zaidi kwa mwezi hazifiki mbali zikigeuzwa pampasi za watu wazima. Lakini hatujaomba wodi mpya. Feni ndogo ikimpulizia usoni mtu anayehema kwa shida humpunguzia sana taabu. Pamba na kitambaa cha kulowanisha midomo, kabati la kufuli, daftari, godoro la hewa moja au mawili ya kuzungushwa. Pigeni hesabu ya tuktuk za usiku, amana za hospitali na walezi mnaowafundisha upya kila miezi michache, muone fedha zinakopotelea.

Mtasema jamaa hawatakubali. Tulikuwa na mzee mmoja mwenye maradhi ya moyo, anayekosa pumzi hata akikaa. Bintiye, mkaazi wa Changamwe, hakutungoja. Alikwenda mwenyewe kutafuta watu wa tiba shufaa, akaja nao, wakakaa na baba na ndugu zake, wakaulizana mambo yote mchana kweupe. Chupa ikaja ikiwa na jina lake. Kitanda kikasogezwa dirishani. Wiki zake za mwisho mzee yule alilala usiku, alikula embe, aligombana na redio kuhusu mpira. Alifariki akiwa na bintiye upande mmoja na mimi upande wa pili, na hakuna aliyekimbizwa popote. Ni makao haya haya, walezi ni sisi hawa hawa. Jamaa hawakukataa. Hawajawahi kuulizwa.

Mtasema kifo ni cha Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na hakuna anayelijua hilo kuliko sisi. Siku ya mja kuondoka iko kwa Mola wake. Maumivu ya saa nane za usiku, ambayo dawa yake ipo mji huu huu, yako mikononi mwenu.

Na mtasema tunaharibu jina la makao, au kwamba tunatafuta nyongeza ya mishahara. Mishahara ina barua yake na siku yake. Humu hamna ombi hata moja la fedha ya kuingia mfukoni mwetu.

Tunachoomba:

(a) Makubaliano ya maandishi na timu ya tiba shufaa, Coast Hospice au nyingine inayotambulika, wawe wanakuja makaoni kwa ratiba na wana simu ya kupigiwa usiku.

(b) Kabati la kufuli, daftari la dawa, na idhini kwa wauguzi waliosajiliwa kumpa mgonjwa mofini aliyoandikiwa. Msimamizi asiwe na uwezo wa kuzuia dawa ambayo daktari ameiandika.

(c) Kila mzee, akiwa bado na akili zake, aulizwe kwa upole na mtu anayejua kuuliza: akizidiwa anataka apelekwe hospitali au abaki, nani aitwe, sala gani, azikwe wapi. Majibu yawekwe mbele ya faili, na yaweze kubadilishwa wakati wowote akibadili nia. Asiyeweza kujibu aulizwe mtu wake wa karibu.

(d) Mzee akiingia katika siku zake za mwisho, aongezwe mtu usiku. Hata wa kujitolea. Misikiti na makanisa ya mji huu yana watu ambao wangekuja kuketi kama wangeombwa na kuelekezwa.

(e) Mafunzo kwa wote, na kwa wote nina maana mpishi na anayefua nguo pia, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaosikia neno la mwisho la mtu.

(f) Baada ya kifo, wenzake wa chumbani waambiwe ukweli, kitanda kisijazwe siku hiyo hiyo, na walezi waliokuwa naye wapewe saa moja ya kuketi na kuzungumza. Anayetaka kwenda mazishini, Manyimbo, Mbaraki au kijijini, apewe ruhusa bila kukatwa siku.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, na kikao ambamo walezi wa usiku watakuwapo. Kikao kiwekwe mchana, saa nane, ili waliokesha wawe wamelala kidogo na waliopanda matatu kutoka Mtwapa au waliovuka feri kutoka Likoni waweze kufika.

Moja halingoji siku 30. Yupo mzee mwenye saratani ya tezi dume ambaye tangu juma lililopita hawezi kuketi, na tunayompa ni parasetamoli. Barua ya rufaa inahitaji saini ya meneja tu. Tunaomba isainiwe kesho asubuhi, na nauli ya kumfuata daktari tumeshaichanga.

Wenu mwaminifu,

Muuguzi wa zamu ya usiku,
kwa niaba yangu na ya wenzangu waliotia saini barua ya kwanza,
Mombasa.